Nguzo ya Nne Kutoka Langoni

Oili chafu ya gari haitoki mkononi hata uisugue kwa majivu. Metrine alikuwa na siku ya tisa sasa akisonga ugali kwa mikono myeusi kama ya fundi wa lori. Oili yenyewe aliiomba kwa makanika wa Migori, madumu mawili, akayabeba hadi kwake Rangwe. Mabanzi ya fensi akayapigilia mwenyewe kuzunguka bustani ya sukuma, akayapaka mara tatu, mpaka mchwa wakahamia kwa jirani.

Na leo alikuwa amechutama katikati ya sukuma hiyo, akimsikiliza shemeji yake Elvis, mdogo wa mumewe, akiisifu fensi kwa Mzee Zadock.

Mzee Zadock alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na alitafuta fundi wa kuzungushia bustani ya shule fensi kama hiyo. Metrine ndiye aliyemwita aje aone kazi. Elvis akamdaka barabarani, shati limepigwa pasi.

"Hii ilinichukua wiki mbili, Mzee. Mgongo wacha tu."

"Na shemeji yako?"

"Huyo alikuwa ananipikia chai."

Chai. Wiki mbili hizo Elvis alikuwa amelala chini ya mlimao, akiinuka tu kuuliza kama mandazi yamebaki. Siku ya mwisho akashika brashi kavu, akapigwa picha, akaituma kwenye grupu ya ukoo. Watu arubaini wakamwombea baraka. Metrine aliisoma kila baraka.

Akasimama. "Amosi, Mzee," akamsalimia kwa Kijaluo. "Shem, kwa vile ulichoka hivyo, nikuulize kitu kidogo tu. Nguzo ya nne kutoka langoni. Huko chini ardhini iko na nini?"

Elvis akacheka. "Iko na nini? Mchanga. Mzee, huyu jua imemchoma."

"Mchanga tu?"

"Na mawe. Si niliishindilia mimi?"

"Sawa."

Mzee Zadock alianza kusema haina haja, lakini Metrine alikuwa ameshaikumbatia nguzo. Akaitikisa kushoto, akaitikisa kulia. Misumari ikalia, mabanzi mawili yakaachia, mwishowe nguzo ikatoka kwa shida kama gego. Akaitupa miguuni pa mzee. Futi mbili za chini zilikuwa zimechomwa motoni mpaka zikawa nyeusi kama makaa, kisha zikanyweshwa oili.

"Ziko thelathini na moja, na zote ziko hivyo," alisema. "Unachoma, unasimamisha kwenye oili mpaka inywe, ndio unafukia. Mchwa huingilia chini. Haangalii picha."

Mzee akainama, akaikwaruza ncha kwa ukucha. Akaangalia mikono ya Elvis, akaangalia ya Metrine.

"Mama, Jumatatu saa mbili, shuleni. Kuja na madumu ya oili."

"Nitakuja. Lakini jina liandikwe langu."

"Litaandikwa."

Mbuzi wa jirani akapenya kwenye pengo, akafika tuta la pili bila kupiga hodi.

"Shem, fukuza mbuzi," Metrine alisema bila kugeuka. "Halafu urudishe hiyo nguzo, si wewe ndiye mshindiliaji? Mimi wacha niende nipike chai."