Kila Fundi na Kona Yake

Gari kuharibika ni shida ya kawaida. Gari kutoka gereji likiwa na ugonjwa mpya ni shida ya aina nyingine kabisa, kwa sababu sasa yupo mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo hapatikani ng'o.

Langu nililipeleka Jumatano, klachi ilikuwa imekwisha. Jumamosi nikalichukua, klachi laini, nikashukuru kwa moyo wote. Nikapita sokoni, nikalizima, nikanunua nyanya, na niliporudi likagoma kuwaka. Nikizungusha ufunguo linatoa mlio mdogo, kama mtu anayesonya, halafu kimya. Likasukumwa. Jumapili likasukumwa tena. Jumatatu asubuhi, nyumbani kwa mama, majirani zake walilisukuma yeye akiwa ameshaketi ndani, mkoba mapajani, miguu imevimba hata viatu vimemkataa, amevaa ndala.

Mama yangu anasafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi, maana figo zake zimeshachoka. Ukichelewa, mashine anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na maji yako mwilini. Gereji iko njiani. Nikaapa sitalizima mpaka wanieleze. Lilizimika lenyewe getini.

Ukiitazama gereji ile kwa nje, ni geti moja na bango moja. Ukiingia ndani ndipo unajua umeingia mtaa mzima. Kila fundi amekodi kona yake: wa injini huku, wa umeme kule, wa rangi nyuma, na kila mmoja ana kufuli lake na redio yake. Mwenye eneo wanamwita Bosi, nadhani hata mkewe anamwita hivyo. Alitoka na kikombe cha chai.

"Dada, hiyo betri imechoka."

"Betri ilikuwa nzima mpaka mlipoligusa."

"Sisi tulifanya klachi. Klachi ina tatizo?"

"Klachi haina tatizo. Gari haliwaki."

"Ehee," akasema, akapuliza chai. "Basi hilo ni jambo jingine."

Akanielekeza kwa Spana, fundi wa injini. Spana alikuwa chini ya gari la mtu, nikazungumza na viatu vyake. Viatu vikaniambia kwamba kuwasha ni mambo ya stata, na stata ni umeme, nimwone Fyuzi. Fyuzi alikuwa na waya mdomoni. Akautoa, akaniapia kwamba alipofungua stata ili wenzake washushe giaboksi, nyaya zake zote alizirudisha, nije nihakikishe kwa macho yangu. Nikahakikishe nini mimi? Mimi nauza vitambaa. Akasema labda wa injini waligusa kitu. Nikarudi kwenye viatu. Viatu vikasema hapana.

Nikaketi juu ya tairi kuukuu. Nilikuwa nimechoka, si uchovu wa asubuhi ile tu, ule wa miaka, wa kuwa mtu anayefuatilia. Nilitamani kulia lakini hata hilo lilitaka nguvu.

"Sitaki samahani," nikasema kwa sauti, hata redio ya jirani ikapunguzwa. "Nataka mtu mmoja humu ndani aseme 'ni mimi.' Mmoja tu. Halafu mama yangu afike hospitali."

Redio ikapandishwa tena. Ila mama alishusha kioo na kuwasalimu, "Hamjambo, wanangu?" kana kwamba amekuja kuwatembelea. Spana akatoka chini ya gari akijifuta mikono, akaitikia kwa heshima zote. Fyuzi naye akasogea. Boneti ikafunguliwa.

Spana akaingiza mkono kule chini na kushika waya mnene, ule unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye chuma cha giaboksi. Nati yake ikazunguka kwa vidole.

"Fyuzi, huu hukuukaza?"

"Si uko kwenye giaboksi? Giaboksi ni yako."

"Nilikuachia. Niliufunga kwa mkono tu, ili usipate taabu kama utataka kuutoa wakati wa stata."

"Mimi nikaukuta umekaa mahali pake, nikajua umeshaukaza."

Wakatazamana. Adabu tupu! Gari langu lilikuwa limeharibiwa kwa adabu. Spana akakaza nati, Fyuzi akazungusha ufunguo, likawaka mara moja. Bosi akamalizia chai yake. "Unaona, dada? Hapa hakuna aliyekosea." Nilikuwa na la kumjibu, tena refu, lakini saa haikuniruhusu.

Njiani nilisonya mpaka mama akaniambia nitaumwa mdomo.

"Watu wazima hawa, mama! Wako chini ya paa moja, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza mwenzake, 'Umekaza?'"

Mama alitazama nje ya dirisha.

Tulifika. Mashine yake ilikuwa bado inamsubiri, nikavuta pumzi. Nesi akampandisha mama kwenye mizani kama kawaida yao, akasoma, akamshusha, akampandisha tena.

"Maji yamezidi mno. Alhamisi mama alisafishiwa wapi?" akaniuliza.

"Si hapa hapa?"

"Hapa hakuja."

Alhamisi gari lilikuwa gereji. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia, siku hiyo mama ni wako, naye akasema sawa. Nikatoka hadi kwenye korido nikampigia.

"Nilibanwa na kazi," kaka akasema. "Lakini nilimtumia mdogo wetu ujumbe. Hakumpeleka?"

Nikampigia mdogo wetu.

"Niliuona, dada. Nikajua wewe umeshapanga. Mambo ya hospitali si wewe siku zote?"

Na mimi Alhamisi ile jioni nilimpigia mama, nikamuuliza kama amekula. La hospitali sikumuuliza, kwa sababu nilijua kaka amempeleka.

Niliporudi ndani, mama alikuwa ameshaunganishwa, damu yake inakwenda na kurudi kwenye mirija. Nikavuta kiti.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilivaa tangu asubuhi," akasema. "Kila gari likipita nasema ndilo hilo. Giza lilipoingia nikavua." Akanitazama usoni, akaona nilivyokuwa nimeishika simu. "Usiwagombeze wenzako, mwanangu. Waambie ni mimi. Waambie nilikataa kwenda."