Uzi Mwekundu wa Chozi

Kila asubuhi mzee wa ghorofa ya ng'ambo alielekeza darubini yake kwenye dirisha la fundi cherehani, mpaka uvumilivu ukamwishia fundi. Alimwachia duka wifi yake, ambaye fundi alikuwa akimshuku wiki nzima kwa nyuzi zinazopotea, akapanda ngazi na mkasi mkononi.

“Mzee, unachungulia nini kwangu?”

Mzee hakujitetea. Alimpa darubini. “Tazama juu ya dirisha, mama, siyo ndani.”

Kwenye waya wa taa, chozi jike, kidege kisichojaa kiganja, alikuwa akifuma kiota chake kwa uzi mwekundu, na dume lake likimeta pembeni kama hariri. Fundi aliutambua uzi wake. Mkasi ukamdondoka, akasahau ugomvi, akatazama mpaka mikono ikachoka. Kumbe mwizi ndiye huyu mrembo, na yeye kamnunia bure wifi wa watu. Atashuka amwombe radhi.

Mikono ilipolegea, darubini ikashuka kidogo. Ndani ya dirisha, wifi alitupa jicho mlangoni, kisha akatumbukiza boksi zima la nyuzi kwenye mkoba wake.

“Umemwona?” mzee akauliza.

“Wote wawili,” fundi akasema, akauokota mkasi.