Wa Kwanza Kusimama

Binti wa mhubiri alikuwa ameokoka mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Mama yake, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisema hata shetani alishamzoea mtoto huyu, akimwona anampisha tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mji waliofika, baba alisimamisha hema, akahubiri siku sita, na kila jioni kabla jua halijazama akawaita wanaotaka kuombewa waje mbele. Sasa, watu wana haya. Nani anataka kuwa wa kwanza kutazamwa na majirani? Basi binti, aliyekuwa amekaa katikati yao kama mgeni mwingine yeyote, alisimama na kwenda mbele huku akilia, na nyuma yake viti vya plastiki vikaanza kusogea. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa na kumi na minne. Baba hakuona uongo hapo. Mlango uko wazi, alisema, wewe unausukuma tu.

Miji ilikuwa imemchanganyikia kichwani. Asubuhi alinyoosha mkono kutafuta ukuta akashika hewa, maana ukuta ule ulikuwa wa mji uliopita. Mwezi mzima aliota dirisha lenye pazia la bluu, asijue kama aliwahi kulala chini yake au alilipita tu wakiwa kwenye lori. Safarini alilala juu ya turubai lililokunjwa, lenye joto la jua na harufu ya majani yaliyokanyagwa, akitazama matawi yanavyorudi nyuma, na hakuwa na hakika kama ni wao wanaokwenda au ni dunia.

Katika mji huu, fundi cherehani mmoja, mjane, aliwapa chumba cha uani. Cherehani yake ilianza mapema, ikasimama, ikaendelea, na binti alisinzia tena ndani ya mlio ule. Siku ya tatu fundi alisema, bila kuinua macho kwenye pindo, "Shule ya hapo jirani inafungua Jumatatu. Ukitaka kubaki usome, chumba kipo. Na mimi macho yangu hayaoni tena tundu la sindano."

Tangu hapo binti hakuwa na raha. Alimwomba baba mara tatu, na mara tatu baba akamjibu, "Tutaliombea, mama." Akamwendea mama yake.

"Nishasema naye, mwanangu. Na mimi kaniambia tutaliombea."

Ikafika Jumapili, siku ya mwisho. Kesho yake asubuhi lori lingeondoka. Mwanga ndani ya hema ulikuwa wa manjano, mzito, na mama alipiga kinanda taratibu mno hata watu wakaonekana wanapumua pamoja. Baba akaita. Binti akabaki amekaa. Baba akaita mara ya pili. Hakuna kiti kilichosogea. Alipoita mara ya tatu macho yake yaliruka kiti hadi kiti yakimtafuta binti yake kati ya watu, na binti akaona kitu ambacho miaka yote saba hakukiona kwa sababu siku zote alisimama mapema. Baba yake alikuwa anaogopa.

Akajikaza, akaenda mbele. Hakulia.

"Unataka Bwana akutendee nini?" baba aliuliza, kama anavyowauliza wote, akamsogezea kipaza sauti. Siku nyingine binti alitikisa kichwa tu na kulia, na hiyo ilitosha.

"Nataka kubaki hapa nisome."

Sauti ilitoka kwenye spika kubwa, kama ya mtu mzima asiyemjua. Hema zima likaitikia amina. Vidole vya mama vikaganda kwenye sauti moja ya kinanda, ikavutika, ikavutika.

"Hapa, mama? Mbele za watu?" baba alinong'ona.

"Si ulisema tutaliombea."

Baba alikuwa na kasoro nyingi, lakini hakuwahi kuomba jambo huku moyoni akilikataa. Akamwekea mkono kichwani. "Bwana, mpe," alisema, na sauti ikamkatika. Watu wakadhani ni Roho, na pengine alikuwa Roho kweli. Wakainuka wengi kuliko katika mji wowote, wakajaa mbele.

Baba hakuwageukia mara moja. Aliziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Huko tuendako bila wewe," alisema, "nikiita, asiposimama mtu?"

"Watu huwa wanakuja, baba. Mimi nawawahi tu."

Wote wawili walikuwa wametoka kuona vinginevyo, muda si mrefu, mara tatu. Baba alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuwaombea waliokuwa wakimngoja.