Mshale Mwepesi

Yeremia aliuawa mchana kweupe, akipalilia matembele kando ya ziwa. Kiboko hakuwa na njaa wala haraka. Alitoka majini, akamkata mtu mara moja kwa meno, akarudi alikotoka. Odeta alikabidhiwa mumewe ndani ya turubai la kuanikia dagaa.

Baada ya mazishi yule dume hakuhama. Kila asubuhi alilala mchangani penye matembele, na hapo ndipo palikuwa pa kuchotea maji, kwa kuwa bomba la kijiji lilikauka mwaka juzi na sehemu nyingine zote za ufuko zilikuwa mawe matupu, makubwa kama nyumba. Wanawake walichota kwa kuviziana na mnyama, wawili wakijaza ndoo, wengine wakigonga masufuria. Maofisa walifika na gari, wakapiga risasi hewani, wakaeleza kwamba kumuua kunahitaji kibali, na kibali kina safari yake. Kiboko alizama. Gari lilipopotea kwenye kona, akaibuka.

Odeta hakutaka kisasi. Alitaka maji, na alitaka shamba lake. Akampigia simu mdogo wake, Luhaga, aje kuwasaidia kwa upinde wa baba yao.

Luhaga alikuwa akichomelea mageti Buswelu, ng'ambo ya ghuba. Aliwahi kuwinda na baba alipokuwa kijana, lakini miaka ya karibuni alishika upinde kwenye sherehe tu, kule Bujora, akilenga gunia la majani huku akina mama wakipiga vigelegele. Alivuka kwa kivuko akiwa na begi la nguo na boksi la vyuma. Alipotoa shikamoo, baba yao, Mzee Shimba, aliitikia nusu nusu, macho yakiwa kwenye boksi.

Ndani yake mlikuwa na vichwa vya mishale. Luhaga alivikata kutoka kwenye springi ya gari, vipana, kingo zake zikinyoa nywele za mkono. Alileta pia uzi wa nailoni wa nyavu, gundi ya dukani, na manyoya ya korongo aliyoyaokota kwenye soko la samaki. Mzee aliyashika yale manyoya, akayanusa, akasema ndege wa jalalani atapeleka mshale jalalani. Luhaga akacheka mpaka akakaa chini. Odeta naye alicheka, mara ya kwanza tangu turubai lile.

Siku zilizofuata ua ulinuka maganda mabichi na chuma cha moto. Baba na mwana walitengeneza mishale, kila mmoja ya kwake.

Mzee Shimba alichagua fito nyembamba za mkole. Alizipitisha juu ya moto mdogo, akazikunja taratibu, akafumba jicho moja na kuzitazama kwa urefu, akazirudisha motoni, mpaka zikanyooka zisibaki na kosa. Manyoya yake yalikuwa ya tai, yote ya bawa moja, kwa sababu ukichanganya la kulia na la kushoto mshale haujui uzungukie upande gani. Vichwa alivifua kutokana na misumari, vidogo, vyenye miiba. Wala hakuvifunga. Alivichomeka tu kwenye tundu la ufito. Ndivyo ukoo wake ulivyofanya siku zote: kichwa kinabaki mwilini, ufito unaanguka, mnyama anapopita vichakani hakuna kitu cha kukwama na kukichomoa. Mshale, alisema, hauui. Mshale unabeba sumu mpaka penye damu, basi, kazi yake imekwisha.

Luhaga alitaka mshale unaoua wenyewe. Alichonga mti mzito, mnene kama kidole gumba, akakifunga kichwa kwa nailoni na gundi hata koleo lisingeking'oa. Alitaka ufike mapafuni.

Walitundika gunia la mchanga wenye maji, wakalifunika kwa ngozi kavu ya ng'ombe iliyokunjwa mara mbili, wakajaribu. Kwa karibu, mshale wa Luhaga ulizama mpaka manyoyani. Aliporudi nyuma hadi kona ya ua na kupiga, ulianguka vumbini kabla ya kufika, maana upinde wa mzee ulichongwa kwa ajili ya mishale myepesi na haukuwa na nguvu za kubeba mzigo ule. Kuchonga upinde mwingine kungehitaji mti uliokaushwa msimu mzima. Mshale wa mzee, kutoka kona ileile, uliruka kama ulioitwa. Uliingia kina cha ukucha, usizidi.

Hata Odeta, akiwa anaosha vyombo, aliyaona mambo yalivyo. Kwa mshale mzito, Luhaga angelazimika kufika pale lilipoangukia jembe la Yeremia. Kwa mshale mwepesi angesimama mbali, kwenye majani chini ya mawe. Ila ule mwepesi ungefaa kitu iwapo tu sumu iko hai. Bila sumu ulikuwa mwiba.

Mzee akaomba kibuyu chake kishushwe darini. Sumu iliyokuwemo ilipikwa na rafiki yake aliyekwisha kufa, zamani, kabla miti inayotoa sumu hiyo haijamalizwa kwa kuchomwa mkaa. Kijijini hapakuwa tena na mtu wa kuipika. Ilikuwa imegandamana kama lami.

Ilijaribiwa kama ilivyojaribiwa siku zote. Mzee alijichanja kidogo chini ya goti, akaiacha damu ishuke mchirizi mmoja hadi karibu na kifundo. Kule chini, kwenye ncha ya mchirizi, akagusisha kijiti chenye sumu. Sumu hai huigeuza damu kuwa nyeusi, na ule weusi hupanda upesi kufuata jeraha. Mtu huufuta njiani, asipoufuta unamuua yeye. Wote watatu waliinama wakitazama. Damu ilibaki nyekundu. Jua lilikuwa la utosini. Mzee alingoja, akangoja zaidi, na damu ilipoanza kuiva rangi akaifuta kwa jani, kwa haraka, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Imeshika," alisema.

Odeta alikuwa amewaona inzi. Walitua kwenye ule mchirizi, wakanywa, wakaruka zao.

"Baba, hiyo damu imekauka tu na jua. Inzi wamekunywa na hawajafa."

"Inzi wako ndio waliokufundisha kuwinda?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Nimelaza nyati kwa kibuyu hiki, mama yako hajakubeba bado. Leo unanisomesha mguu wangu mwenyewe."

Luhaga alikuwa ameushika mshale wake mzito, anaupima mkononi. Akautazama ufuko kule chini, akauweka. "Dada, bila sumu ya mzee itabidi nikamshike masikio," alisema. "Au twende wote, wewe umwimbie."

Odeta akanyamaza. Hakunyamaza kwa heshima. Alinyamaza kwa sababu mshale mwepesi ulimweka mdogo wake mbali na meno yale, na alitamani mno uwe mshale wa kweli. Akajiambia kwamba inzi ni inzi tu.

Jioni hiyo mzee alimkumbusha Luhaga sheria moja, ileile aliyomfundisha akiwa kijana. Ukishapiga, kaa chini. Usikimbie, usisogee, usiite mtu. Mnyama mwenye sumu mwilini anatafuta kitu kinachotembea, ukikimbia umempa. Ukikaa kama kisiki, sumu inamfikia yeye kabla yeye hajakufikia wewe. Wote anaowajua yeye waliokufa, mzee alisema, ni wale walioinuka. Luhaga alisema anakumbuka. Mzee akamfanya airudie kwa kinywa chake.

Asubuhi dume alikuwa mahali pake, amelala ubavu kwenye matembele yaliyosagika. Odeta alipanda juu ya jiwe, kanga ameibana kifuani. Kutoka pale aliona kila kitu: maji yaliyotulia, mgongo wa kiboko unaong'aa, na shati la mdogo wake likisogea polepole kwenye majani.

Luhaga alipiga vizuri. Hilo Odeta angelisema kwa mtu yeyote aliyeuliza. Mshale ulitoka bila kuyumba, ukagota nyuma ya bega, na ufito ukaanguka chini kama ulivyokusudiwa. Kiboko alitikisa ngozi. Ng'ombe hufanya vile anapotuliwa na inzi.

Kisha aliinuka, akageuka.

Luhaga alikaa chini. Alikunja miguu, akaweka upinde pembeni na mikono magotini, akatulia. Odeta aliyatazama magoti ya kiboko, akiyasubiri yalegee. Mnyama alitembea hatua chache, akasimama, akainua pua. Mawingu ya inzi yalimfuata kichwani. Magoti hayakulegea. Akaanza kutembea tena, sasa kwa mstari ulionyooka, kuelekea kwenye majani.

"Luhaga, kimbia! Haijashika, kimbia!"

Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja nyuma yake, kiganja kikimwelekea dada yake, kama mtu anayemtuliza mtoto kanisani. Mkono ulikuwa bado juu kiboko alipofika.

Watu walikuja na masufuria na marungu. Kiboko aliwaangalia, akaingia majini bila papara. Nyuma ya bega palikuwa na tone la damu.

Walimlaza Luhaga kwenye mkeka, wakamfunika. Mzee Shimba alikuwa kizingitini. Hakuwa amepiga kelele wala kuinuka. Jirani yao, Masele, alijaribu kumshika mkono ampeleke kwenye kiti, mzee akautoa mkono wake. Alimngoja Odeta apite.

"Alipiga?"

"Alipiga, baba."

"Akakaa?"

Odeta alitafuta neno la kumwokoa baba yake, hakulipata. "Alikaa," alisema.

Mzee alivuta kibuyu kilichokuwa ubavuni mwake. Alitumbukiza vidole viwili, akachota, akakandika kwenye kidonda chake chini ya goti, akasugua mpaka kidonda kikafunguka na kutoka damu upya. Masele alipiga yowe akamrukia, lakini Odeta hakusogea. Yeye alijua sumu ilishakufa. Mzee aliegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, akafumba macho, akasubiri. Waombolezaji waliokuwa wakiingia walimpita wakidhani anasali. Kivuli cha nyumba kilifika kwenye miguu yake, kikapanda, kikamfunika. Alifumbua macho. Alikuwa mzima kabisa, na kilio alichokitoa hapo ndicho kilichowatoa watu wote nje.

Mama mmoja wa makamo, dada yake Masele, alimjia Odeta taratibu, akamshika bega. Akasema maneno ya pole kwanza. Kisha akamnong'oneza kwamba maiti haijaoshwa, watu wanazidi kuja, na mapipa yote ya majirani yamekauka.

Odeta aliitikia kwa kichwa. Akachukua ndoo mbili, akakataa kusindikizwa, akakataa masufuria. Alishuka njia ya ziwa peke yake, bila kupunguza mwendo wala kuuongeza. Kwenye maji, hatua chache kutoka mchangani, masikio mawili madogo yalikuwa juu, yakitikisika. Odeta alivua kandambili, akaingia mpaka magotini, akainama, akaanza kujaza.