Maji ya Kumwagia Waya

Vikombe vya bati vilikuwa vinagongana rafuni. Ti, ti, ti, polepole, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Bibi Kristina alifumbua macho gizani, akavuta blanketi mpaka kidevuni, akajiambia ni treni ya mizigo. Nyumba yake ilikuwa jirani na reli, pembeni mwa mji wa Makambako, na vikombe vile vililia hivyo kila treni ilipopita, tangu marehemu mume wake alipokuwa hai. Akangoja honi. Honi haikulia. Vikombe vikanyamaza, naye usingizi ukampitia tena kidogo.

Kulipopambazuka alijitanda kitenge juu ya sweta, akachota maji ndooni kwa jagi, akatoka kwenda kuumwagia waya.

Kazi hiyo alipewa na fundi Sadock siku nyumba ilipoingizwa umeme. Sadock alimwonyesha bomba la chuma lililopokea umeme juu ya paa, na waya wa kijani na njano ulioshuka kutoka kwenye bomba hilo mpaka ardhini. "Hii ni ethi, Bibi. Chini kuna fimbo ya shaba. Umeme ukivuja unapita hapa, unazama ardhini, na swichi kubwa inajizima. Kiangazi pamwagie maji, pasikauke."

Akapamwagia. Kiangazi na masika, hakuacha, kama mtu anayemnywesha mgonjwa asiyeweza kusema ana kiu.

Mjukuu wake Enoki ndiye aliyegundua kwamba maji yale yalikuwa yananywesha udongo mtupu.

Enoki alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapata kibarua gereji ya pikipiki. Koili za kuwashia injini zilizotupwa alizikusanya, moja akaifunga kwenye ubao pamoja na betri na misumari miwili, na cheche ya buluu ikawa inaruka kutoka msumari huu kwenda ule, ikilia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji. Watoto wa jirani walitazama wakiwa nyuma ya mstari wa mkaa aliouchora sakafuni. Aliyeuvuka hakuonyeshwa tena. Yeye mwenyewe aliwasha kwa mkono mmoja, wa pili ameutia mfukoni.

"Mkono mmoja mfukoni, Bibi. Umeme ukikupiga usipate njia ya kukatiza kifuani."

Bibi hakuwa na mfuko. Akawa anaweka wake mgongoni, hata anapogusa swichi ya taa tu, na Enoki hakumcheka.

Siku moja Bibi alimwambia kwamba waya wa kuanikia nguo unamng'ata vidole. Waya huo ulikuwa umefungwa kwenye lile bomba la chuma, kama mtaa mzima walivyofunga za kwao, kwa sababu lilikuwa kitu imara kuliko vyote nyumbani. Enoki aliruka akazima swichi kubwa, akaushusha waya wa nguo, akafukua pale ukutani. Hapakuwa na fimbo. Waya wa ethi ulikuwa umezungushiwa jiwe la ukubwa wa kiazi, ukafukiwa.

Akaubeba ubao wake mpaka ofisini kwa Marcelino, mkandarasi aliyefunga umeme nyumba zote za mtaa ule. Mbele ya wateja akairusha cheche, akaeleza kwamba umeme usipopewa njia ya kwenda ardhini utaitafuta kwa mtu. Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, mmoja mmoja akaanza kuuliza habari za nyumba yake. Marcelino alimshika Enoki begani, akamtoa nje kwa upole kabisa.

Kesho yake, Enoki akiwa gereji, Sadock, fundi wa Marcelino, alikuja. Akasimama kidogo, akasema amekagua, kila kitu sawa, akawasha swichi. Mpangaji wa chumba cha nyuma, Oliva, akaurudisha waya wa nguo kwenye bomba, maana nguo mbichi zilikuwa zimejaa beseni. Jioni manyunyu yakaanza. Cresensia, binti wa Oliva, akakimbia kuanua sweta lake la shule.

Walipomaliza kumzika, polisi walimchukua Enoki na ubao wake. Walisema mtambo wa kienyeji ndio uliotia umeme kwenye waya. Enoki alisema mtambo ule unatumia betri tu, haujawahi kugusa umeme wa nyumba. Wakamwambia ataeleza mahakamani. Alipokuwa anapandishwa garini aligeuka. "Bibi, pale nimefukia kama palivyokuwa. Usipaguse. Mkaguzi wa umeme akija, afukue mwenyewe alione jiwe."

Ndiyo maana Bibi Kristina hakuacha kumwagia maji. Alitaka udongo uwe laini, mkaguzi asihangaike na jembe.

Asubuhi hii mkaguzi alikuwa anakuja. Bibi alipinda kona ya nyumba na jagi lake, akasimama.

Kichwa cha fimbo ya shaba kilichomoza ardhini, chekundu, kinang'aa kama sufuria mpya. Waya ulikuwa umebanwa juu yake vizuri. Pembeni udongo ulikuwa umefagiwa. Jiwe halikuwepo.

Mkaguzi alikuja katika gari la Marcelino.

"Kamwene, Bibi," Marcelino alisalimu, amevua kofia. "Pole na matatizo."

"Kamwene."

Sadock alishuka wa mwisho. Aliingia jikoni, akaleta kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka juani. "Kaa, Bibi, kuna baridi." Hakumtazama.

Mkaguzi, kijana nadhifu mwenye sauti ya chini, alichuchumaa ukutani. "Fimbo hii hapa."

"Imepigiliwa leo alfajiri, mwanangu. Jana palikuwa na jiwe."

"Uliwaona wapigiliaji?"

"Nilisikia vikombe."

"Vikombe?"

"Rafuni. Vilitikisika. Nikadhani treni."

Marcelino alitabasamu kwa huruma. "Mzee wetu huyu hajalala tangu msiba. Tumwelewe."

"Muulizeni Sadock," Bibi alisema. "Sadock, baba, wewe uliniambia nipamwagie maji. Uliweka nini mle?"

Sadock alikuwa anakunjua nyaya za kipimo. Kiganjani mwake malengelenge mabichi yalikuwa yamepasuka. Alimtazama Marcelino, akatazama chini.

"Fimbo, Bibi."

Mkaguzi alichomeka vyuma vyake ardhini, akasoma kipimo, akasoma tena. "Safi sana. Sijapata kipimo kizuri namna hii mtaa huu. Ardhi ina unyevu mwingi."

"Anaimwagilia," Marcelino alisema. "Kila asubuhi. Wangekuwa wote kama Bibi huyu, tusingekuwa na misiba. Tatizo ni kijana na radi zake za kutengeneza."

Mkaguzi aliandika. Alipomaliza alimpa Bibi mkono, akamwambia ajitahidi kula.

Jumapili, baada ya ibada, Bibi alipanda gari kwenda Njombe kumwona Enoki. Kabla hajatoka, Oliva, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi, alikuja mlangoni na kitambaa cheusi kichwani, akaweka maparachichi mawili kikapuni mwake. Hakusema ni ya nani. Bibi akayafunika kwa kitenge.

Gerezani askari wa kike alimsogezea benchi na kumwambia azungumze bila haraka. Enoki aliletwa. Alikuwa amenyolewa, na masikio yake yalionekana makubwa kama alipokuwa mtoto.

"Mkaguzi alikuja, Bibi?"

"Alikuja."

"Akafukua?"

Bibi Kristina alikuwa amepanga maneno njia nzima, kupita mashamba ya chai na miti ya mbao. Yote yakampotea. "Alikuta fimbo," akasema. "Mpya. Akaipima." Akakivuta kikapu magotini. "Akasema ardhi ina unyevu mzuri."

Enoki alimtazama. Hakuuliza unyevu ule umetoka wapi. Mkono wake wa kulia ulishika wavu uliokuwa kati yao. Wa kushoto ulishuka ubavuni kutafuta mfuko, ukapapasa kitambaa cha nguo za gereza, ukarudi juu, ukashuka tena. Nguo zile hazikuwa na mifuko.

"Umekula?" Bibi aliuliza.

"Nimekula."

Askari alijikohoza. Bibi aliinuka, mkono mmoja ameuweka mgongoni bila kujijua.

"Bibi," Enoki alisema, na ule mkono ulikuwa bado unatafuta. "Jumapili utakuja tena?"