Mlio wa Mashine ya Saba

Karakana ile ya sare za shule ilikuwa na cherehani ishirini na fundi mmoja wa kuzitengeneza, mzee waliyemwita Bisibisi. Yeye hakufungua mashine kujua ugonjwa wake. Alitega sikio tu, akatoa hukumu. Miaka thelathini sikio hilo lilimlisha, na lilimlisha vizuri: ngozi ya kuku ya kukaanga kila mchana, na vidole akavilamba.

Mwezi ule akasikia mlio mwembamba, wiiii, kama mbu mwenye kisasi. Akaapa unatoka mashine ya saba. Akaifungua mara nne, akabadilisha mkanda, akapuliza vumbi. Wiiii! Basi kosa lililokosa mwenyewe likatafutiwa mtu. Akamgeukia mshonaji wa mashine hiyo, Dada Kola, aliyeitwa hivyo kwa kola zake zilizonyooka.

"Unavunja sindano humo ndani makusudi!"

"Mbona mimi sisikii kitu, mzee wangu?"

"Sikio lako na langu ni sawa?"

Msimamizi akamwamini fundi. Dada Kola akanyang'anywa mashine, akapewa ufagio, afagie vipande vya vitambaa mbele ya wale aliowafundisha kushona. Siku tisa alifagia, meno ameyauma, vumbi lote akilisukumia miguuni kwa Bisibisi.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Cherehani zote zikanyamaza.

Wiiii.

Bisibisi akabandika sikio kwenye mashine ya saba. Akahamia ya sita. Akatoka hadi uani. Mlio ukamfuata kama mkia.

"Umeme hakuna, mzee," Dada Kola alisema. "Sindano zangu bado zinalia?"

Bisibisi akapiga teke ndoo, na ndoo ikamuumiza kidole. Akaondoka akichechemea na kutukana, moja kwa moja hadi zahanati.

Daktari akamchungulia masikio, akampima damu. Majibu yalipotoka, akakunja uso.

"Mafuta kwenye damu yamezidi sana. Sikio linalishwa na vimishipa vyembamba kama uzi. Mafuta yakizidi, huenda damu isipite vizuri, na sikio likaanza kuvuma. Siapi kwamba ndicho chanzo, lakini mafuta hayo lazima yashuke."

"Kwa hiyo ni kuku?" Bisibisi alifoka.

"Kuku hana kosa, mzee. Nani alimkaanga?"

Alirudi karakana amefura. Nyani haoni kundule, na siku akiliona hukasirikia kioo. Akamvuta Dada Kola pembeni, akanong'ona, "Mashine ni nzima. Ubovu ni wa masikio yangu."

"Uliponiita mharibifu ulinong'ona?"

Bisibisi akatikisa kichwa.

"Basi paza sauti. Nami nina masikio mabovu leo."

Bisibisi akatweta, akapanda juu ya kiti. "Mashine ya saba haina kitu! Huyu hakuvunja sindano! Mbovu ni mimi! Mmeridhika?"

Hakuna aliyecheka. Msimamizi mwenyewe akaja kuuchukua ufagio. Dada Kola hakumpa. Akamkabidhi Bisibisi, akakaa, akakanyaga pedali.

"Sijakusamehe," alisema bila kugeuka. "Fagia. Na kesho ukisikia kitu, zima umeme kwanza."