Barafu ya Bi Mwantum

Tausi hakulilia talaka, alililia friji. Alilinunua mwenyewe Mbeya, miaka ile ya ruksa mitumba ilipoanza kumwagika, kwa faida ya vitenge alivyovizungusha magulioni mpaka Masukulu. Husseni alipomwacha akamwoa Rukaya, alimwambia mbele ya watu achukue nguo zake aende, friji ni la nyumba. Tausi akahamia kwa kaka yake Ismael, fundi cherehani wa mtaa wa pili hapo hapo Tukuyu. Miezi minane akawa anapishana na watoto wanaolamba barafu zilizogandishwa ndani ya friji lake, na kila mara roho ilimchemka.

Siku moja Tusekile, muuza ndizi, akamletea habari.

"Mwe, Tausi! Mama yake Husseni hali kitu. Tangu homa imwachie anataka ile barafu yako ya ndizi tu."

Tausi aliijua vizuri. Maziwa yalimharisha Bi Mwantum, sukari ilimpa kiungulia, na meno yalikuwa yamebaki manne. Ndiyo maana alikuwa akimtengenezea barafu yake peke yake, ya ndizi na pesheni, nyeupe na laini, ya kumumunya.

"Na yule bibi harusi je?"

"Anahangaika. Juzi kamimina nusu lita ya maziwa."

Tausi akacheka mpaka akashika ukuta. Rungwe hii, ambako mgeni hakai kitako kabla hajapewa kikombe cha maziwa, nani angeamini kuwa kitu cheupe na laini namna ile hakina maziwa? Bi Mwantum alikuwa ameshinda chooni. Kesho yake Rukaya akaacha maziwa, akaponda ndizi zilizoanza tu kuwa njano, akatia sukari kuficha ukakasi, akagandisha. Likatoka jiwe.

Alhamisi Husseni akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Tausi, naomba umfundishe mwenzio."

"Mwenzangu nani?"

"Basi njoo utengeneze wewe. Jiko unalijua."

"Mlango ule ulinifungia wewe. Friji lije hapa, libaki hapa. Kesho, watu wakitoka msikitini. Na mkokoteni usukume mwenyewe."

"Mama hali, Tausi!"

"Basi wahi."

Alimpenda sana yule mama, lakini siku ile alikipenda zaidi kisasi, wala hakuona haya.

Ijumaa manyunyu yalikuwa yanashuka, na mlima wa Tukuyu hauna huruma kwa mtu wa kitambi. Husseni alisukuma, kanzu imemganda mgongoni. Nje ya msikiti mtu akauliza, "Sheikh, unahama?" Wenzake wakaangua kicheko. Tausi alikaa mlangoni kwa kaka yake akitazama hatua moja moja, hakunyanyua hata kidole.

Jioni alichukua ndizi alizoletewa na Tusekile, zilizoiva mpaka maganda yakapiga madoa meusi, maana asiyetia sukari lazima aisubiri ndizi yenyewe. Akazikata vipande, akazigandisha hivyo hivyo kwanza. Asubuhi akazitia kinuni zikiwa ngumu kama kokoto, akatwanga. Zilipiga kelele, zikavunjika, halafu zikalegea zikawa nyeupe na nzito. Akakamulia pesheni juu.

Bi Mwantum alifika ameshikwa mkono na mwanawe. Alikula kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likabaki tupu. Machozi yakamtoka.

"Nilikukumbuka mno, mwanangu," alimwambia Tausi.

"Na mimi, mama."

Husseni akakohoa. "Haya mama, twende nyumbani. Tausi atakuwa anakuletea."

"Nyumbani wapi? Niliyemzaa ni wewe, lakini anayenilisha ni huyu. Kalete kitanda changu."

Husseni alimgeukia Tausi kwa macho ya kuomba, kama vile angemtetea. Tausi akalipokea bakuli mikononi mwa mama.

"Na godoro," akasema.